Barua ya wazi kwa viongozi wa Arusha na Kilimanjaro: tulindieni giza la Longido

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Wakuu wa Mikoa ya Arusha na Kilimanjaro. Na madiwani wa halmashauri za Longido, Monduli, Meru na Siha.

YAH: GIZA LA USIKU NYUMA YA MERU NA KILIMANJARO, NA DARUBINI INAYOWEZA KUKAA HAPO

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa Fizikia wa sekondari, naishi Ngaramtoni. Ninalokuja nalo kwenu si dogo, kwa hiyo naomba mnivumilie nilieleze tangu mwanzo wake.

Tarehe 22 Februari 2017 ilitangazwa kwamba nyota moja ndogo, iliyo mbali nasi kwa takribani miaka ya nuru 40, yaani umbali ambao mwanga huusafiri kwa miaka 40, inazungukwa na sayari saba zenye ukubwa unaokaribiana na wa Dunia yetu. Nyota hiyo inaitwa TRAPPIST-1. Kesho yake niliichora ubaoni, darasa la kidato cha tatu, mimi mwenyewe nikiwa na furaha kama mtoto. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hakuwa na kawaida ya kuuliza, akanyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo nyota iko upande gani kutokea hapa?"

Sikuwa na jibu. Jioni nilitafuta mahali pake angani nikakuta iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta ya anga, mstari unaopita angani juu ya ikweta ya Dunia. Arusha iko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta ya Dunia. Hesabu yake ni ya kutoa tu: nyota ile hupita karibu kabisa na utosi wetu, juu ya bati la darasa letu, kila siku ya Mungu. Wagunduzi wake ni watu wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, na ili waione vizuri iliwabidi waende kujenga darubini Chile na baadaye Morocco. Sisi inatupitia kichwani.

Februari ile Jua lilikuwa upande huohuo wa anga, hivyo nyota ilikuwa inapita mchana. Nikawaahidi wanafunzi wangu kwamba tutaitafuta Septemba. Nilijua hatutaiona yenyewe, maana ni hafifu mno kwa macho na hata kwa darubini ndogo ya shule. Nilitaka tu waone mahali pake, kundinyota la Ndoo ambalo mabaharia wa pwani waliliita Dalu. Septemba ikafika, tukasimama uwanjani saa sita usiku, mablanketi mabegani. Hatukuona Ndoo. Kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara kilikuwa na taa nyeupe zinazotazama juu, bango la matangazo linawaka, na upande wa mjini anga lote lilikuwa la rangi ya maziwa yaliyomwagika. Watoto walihesabu nyota wakaishia hamsini na kitu.

Mwaka uliofuata tulichanga nauli tukapanda Hiace hadi Longido, kama kilomita 80 kwa barabara ya Namanga. Tukaacha lami, tukaingia ndani kiasi cha taa za magari kutotufikia. Wanafunzi waliposhuka walinyamaza. Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota za galaksi yetu, ilikuwa imetanda kutoka upeo hadi upeo, na binti yule aliyeuliza swali alikaa chini, akalala chali kwenye vumbi, hakuinuka mpaka tulipomwita gari linaondoka.

Waheshimiwa, giza lile ni mali. Nawaandikia kuwaomba mlilinde sasa, kabla halijaisha, kwa sababu kuna kazi ya sayansi inayoweza kufanyika pale kwa darubini ndogo, kwa gharama ambayo nchi hii inaimudu, na vijana wetu wakiwa ndio wanaoiendesha.

Niruhusuni nieleze kazi yenyewe, maana bila kuielewa mtaona naomba anasa.

Tarehe 6 Juni 2012, asubuhi, Zuhura ilipita mbele ya Jua. Sisi huku tuliona sehemu ya mwisho tu, tangu Jua lilipochomoza hadi karibu saa mbili. Niliazima kioo cha fundi wa kuchomelea, kile cheusi kabisa, tukapokezana kutazama: kidoa cheusi, kidogo kama mbegu ya mchicha, juu ya sinia la moto. Hicho ndicho wataalamu wanachokiita mpito. Sayari inapokatiza mbele ya nyota yake, inaziba sehemu ya mwanga, na nyota inafifia kidogo. Nyota nyingine ziko mbali mno, kidoa hakionekani, lakini kule kufifia kunapimika. Ukipima kufifia unajua upana wa sayari. Ukisubiri kufifie tena unajua urefu wa mwaka wake.

Sasa fikirini mtu wa mbali anayelitazama Jua letu, anaisubiri Dunia ipite. Kama mwanga wa Jua ni shilingi milioni moja, Dunia ikikatiza inapunguza shilingi 84. Ni nani atakayegundua upungufu huo akiwa chini ya hewa inayotikisika, yenye vumbi na unyevu? Na akikosa leo, asubiri mwaka mzima. Lakini TRAPPIST-1 ni nyota ndogo, upana wake ni kama asilimia 12 ya upana wa Jua, hauzidi sana ule wa Mshtarii (Jupita). Sayari yake ya ndani kabisa, ambayo haiachani sana na Dunia kwa ukubwa, ikipita mbele yake inapunguza zaidi ya shilingi 7,000 katika milioni ileile. Hilo linapimika kutoka ardhini. Tena mwaka wa sayari hiyo ni siku moja na nusu tu, na mpito wake huchukua dakika 36, pungufu kidogo ya kipindi kimoja cha darasani. Mwanafunzi anaweza kuutazama mwanzo hadi mwisho na bado akawahi kulala.

Nyota za namna hii, vibete vyekundu, ndizo nyingi kuliko zote: takribani robo tatu ya nyota za galaksi yetu. Na hakuna hata moja inayoonekana kwa macho matupu. Tunapotazama anga la usiku tunaona wachache wenye sauti kubwa tu, wengi wamekaa kimya gizani. Hata jirani yetu wa karibu kuliko wote baada ya Jua, Proxima Centauri, umbali wa miaka ya nuru 4.2, ni kibete chekundu. Aligunduliwa mwaka 1915 na Robert Innes akiwa Johannesburg. Naam, katika bara hili hili. Na mwaka 2016 ikatangazwa kwamba naye ana sayari.

Chini ya vibete vyekundu kuna viumbe vingine vya ajabu zaidi, vibete vya kahawia. Wanafunzi wangu huwa nawaeleza kwa jiko la mkaa. Umewasha, umepuliza, mkaa ukashika pembeni ukawa mwekundu, lakini ulikuwa mchache na moto haukukolea; tangu hapo unapoa polepole. Kibete cha kahawia kilianza kama nyota, kwa wingu la gesi kujikusanya, ila uzito wake haukufika mahali pa kuunganisha haidrojeni kuwa heli kwa kudumu. Kina uzito wa kuanzia kama mara 13 ya Mshtarii hadi kati ya mara 75 na 80. Jill Tarter alivipa jina hilo mwaka 1975, na kwa miaka 20 vilibaki vya kwenye karatasi. Mwaka 1995 ndipo vilipopatikana, na kimoja kati ya vile vya kwanza kilipatikana ndani ya Kilimia.

Kilimia! Nyota zilezile ambazo wakulima wa pwani walizitazama kujua wakati wa kushika jembe, zikapewa jina kwa kulima. Miaka ya nuru kama 440 kutoka hapa, katikati ya kundi lile, Wahispania wakaona kitu hafifu wakakiita Teide 1, kwa jina la mlima wa visiwa vya Kanari walikokuwa wakifanyia kazi. Baadaye darubini kubwa ya Keck huko Hawaii ilithibitisha kwamba bado kina lithiamu, madini ambayo nyota za kweli huyaunguza mapema. Lakini nataka mkumbuke darubini iliyokiona kwanza: kioo chake ni cha sentimita 80.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Darubini ya Wabelgiji kule La Silla, Chile, iliyoanza kazi mwaka 2010, ina kioo cha sentimita 60. Ni upana wa ungo mkubwa wa kupepetea. Mwenzake wa Oukaïmeden, kwenye milima ya Atlas nchini Morocco, ni wa ukubwa uleule. Mradi wa Wamarekani ulioitwa MEarth ulianza mwaka 2008 kwa darubini nane zenye vioo vya sentimita 40, ukubwa wa sinia la pilau, na mwaka uliofuata ukapata sayari yake ya kwanza. Mwaka 2013 vilipogunduliwa vibete viwili vya kahawia vilivyo jirani mno nasi, miaka ya nuru 6.5 tu, ni darubini ile ya ungo iliyokaa ikivitazama kwa siku 12 na kuonyesha kwamba kimoja hujizungusha kwa saa zisizofika tano, na mwanga wake hubadilika usiku hata usiku kwa sababu kina mawingu yanayohama. Hali ya hewa ya dunia nyingine, imesomwa kwa kioo ambacho watu wawili wanakibeba.

Kwa hiyo mtu asije akawaambia kwamba sayansi hii ni ya mataifa yenye vioo vya mita 10. Vioo vikubwa vinahitajika, ndiyo, lakini vina foleni. Hakuna atakayempa mtafiti darubini kubwa akae nayo miezi mitatu anatazama nyota moja kama itafifia. Kazi ya kukesha ni ya darubini ndogo.

Na kazi ya kukesha ina tatizo moja: kunakucha. Mwaka 2016, walipotangaza sayari tatu za kwanza za TRAPPIST-1, ile ya tatu hawakuweza kusema mwaka wake ni siku ngapi. Ilikuwa kati ya siku 4 na nusu na siku 73, kwa sababu walikuwa wakiona vipande tu. Alfajiri ikifika wanafunga, na mipito mingine inatokea mchana wao. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba walichodhani ni sayari moja kilikuwa zaidi ya moja. Mambo yalikaa sawa pale darubini za sehemu mbalimbali, Morocco, Afrika Kusini, Kanari na kwingineko, pamoja na ile ya anga iitwayo Spitzer, zilipounganishwa zikatazama kwa zamu. Ni mbio za kupokezana vijiti. Chile anakimbia, anamkabidhi mwenzake magharibi yake, huyo naye anamkabidhi anayefuata.

Tazameni ramani ya wakimbiaji hao. Sutherland, Afrika Kusini, iko longitudo ya 21 mashariki. Siding Spring, Australia, iko 149. Katikati ya hapo kuna pengo refu lenye wakimbiaji wachache, na Longido iko kwenye 37. Kituo chetu kingepokea kijiti saa moja na zaidi kabla ya Sutherland. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, tunaona anga la kaskazini na la kusini pamoja, na usiku wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Mtu wa Ulaya akifika Juni hana usiku wa kutosha hata wa kuwasha mashine.

Tangu mwaka 2018 darubini ya anga TESS ya Wamarekani inatafuta mipito juu ya anga karibu lote. Lakini macho yake ni mapana, hayana ncha. Nyota mbili tatu zilizo karibu huziona kama moja. Kila inapodhani imepata sayari, lazima mtu aliye ardhini atazame tena, ajue ni nyota ipi hasa iliyofifia. Orodha ya zinazosubiri kuthibitishwa ni ndefu. Kazi hiyo inafanywa kwa vioo vya sentimita 40, 60, mita 1. Ingeweza kufanywa na mtoto wa Engarenaibor, hapo Longido.

Tayari majina yetu yako huko juu, wengi hawajui. Mwaka 2019 kila nchi ilipopewa nafasi ya kuita nyota na sayari yake, Tanzania ilichagua Mpingo kwa nyota na Tanzanite kwa sayari. Ndiyo, sayari kubwa ya gesi inayozunguka Mpingo kwa siku kama 3 inaitwa kwa jito la Mererani. Na ile sayari ya kwanza ya MEarth niliyoitaja? Timu ya Kenya iliipendekezea jina, likapitishwa mwaka 2023. Inaitwa Enaiposha, neno la Kimaasai la maji makubwa, neno lililozaa Naivasha. Nyota yake, kibete chekundu, inaitwa Orkaria, ile rangi nyekundu ya udongo ambayo morani wa Longido hujipaka. Iko nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo nayo hutupitia karibu na utosi, na mwezi wa Juni iko juu usiku kucha. Bibi mmoja wa Kimokouwa nilipomweleza hili kupitia mjukuu wake alirudia neno hilo mara tatu, orkaria, orkaria, orkaria, kisha akataka kujua kama kuna mtu kutoka huku anayeichunga. Nilimjibu ukweli.

Sasa niseme na ubaya wake, maana mimi si dalali. Moshi mjini na Arusha mjini hapafai. Juni na Julai, miezi ambayo wageni wanadhani ni ya anga safi, upande wetu wa kusini wa milima hufunikwa na mawingu mazito ya baridi. Wakazi wa Kibosho na Marangu wanaweza kukaa siku nyingi hawauoni Mlima walioulalia mgongoni. Masika inaua Machi hadi Mei, vuli inachukua sehemu ya Novemba na Desemba. Upande wa pili, Longido, Sinya, Ngarenanyuki hadi Siha ya magharibi, milima inazuia mvua na ndiyo maana ni pakame. Ukame ule unaomtesa mfugaji ndio unaoifaa darubini, hasa kwa vibete, kwa sababu mwanga wao mwingi ni wa infraredi, usioonekana kwa macho, na mvuke wa maji hewani huunywa. Lakini pana upepo na vumbi la kiangazi ambalo linaweza kula kioo. Pengine mahali sahihi si tambarare, ni juu ya mlima wa Longido, au Ketumbeine, au Gelai. Hili haliamuliwi kwa kusimuliana, linapimwa.

Ombi langu la kwanza basi ni la kupima. Wekeni vituo vitatu au vinne kwa miaka miwili: kamera ya kutazama anga lote usiku kucha, kifaa cha kupima giza, vipimo vya upepo, unyevu na vumbi, na darubini ndogo ya kupima jinsi hewa inavyotikisa mwanga wa nyota. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko pale Tengeru. Chuo cha Ufundi Arusha kina vijana wa umeme na makanika. Wapeni hao kazi. Wageni waje kufundisha na kushirikiana, wasije kutubebea vipimo vyetu kwenda kuvisomea kwao.

Ombi la pili ndilo zito, na ndilo la haraka kuliko darubini yenyewe. Umeme wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, unafika vijijini, nami nafurahi unafika; nimesoma kwa kibatari na simtakii mtoto yeyote hilo. Lakini pamoja na umeme zinakuja taa, na hakuna anayeuliza ni taa za namna gani. Zile nyeupe zenye ubluu, zisizo na kofia, sehemu ya mwanga wake inakwenda mawinguni ambako hakuna anayetembea. Taa yenye kofia, inayotazama chini, ya rangi ya njano, humwangazia mpita njia vizuri zaidi na haimchomi macho. Tofauti iko kwenye maneno machache ya hati ya zabuni. Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Tungeni moja, Longido, Monduli, Meru na Siha kwa pamoja, kwamba kila taa mpya ya barabara, kituo cha mafuta, bango, kambi ya watalii na taasisi iwe na kofia na izimwe au ipunguzwe baada ya saa tano usiku pale pasipo na haja ya ulinzi. Mjini nako, uwanja wa Olmoti ulioanza kujengwa kwa ajili ya AFCON ya 2027 una nafasi ya kuwekewa taa zinazoangaza nyasi badala ya anga.

Hispania ilitunga sheria ya kulinda anga la Kanari mwaka 1988. Afrika Kusini ilitunga yake mwaka 2007, na Rasi ya Kaskazini iko gizani kwa mujibu wa sheria. Ethiopia ilijenga kituo chake Entoto, juu kabisa, zaidi ya mita 3,000, darubini mbili za mita 1 kila moja, jambo la kujivunia kwa kweli. Lakini Addis Ababa iko chini ya mlima huo huo, na mwanga wa mji umekuwa mzigo. Wenzetu wametangulia kwa darubini, sisi bado tuna giza. Tusilipoteze tukiwa tunasubiri hela.

Na nisieleweke vibaya na jamaa zangu wafugaji. Nasikia hofu mara neno "hifadhi" linapotajwa, na hofu hiyo ina sababu zake. Kulinda giza hakuhitaji kumhamisha mtu wala ng'ombe. Kituo chenyewe kinakaa kwenye eneo la nyumba chache. Malisho yanabaki malisho. Wazee wa vijiji waketi kwenye meza ya maamuzi tangu siku ya kwanza, wasiitwe mwishoni kutia dole gumba.

Kuna ofisi moja, sitaitaja, ambako kamera tuliyotumiwa na rafiki ilikaa miezi minane. Kila nilipokwenda niliambiwa nithibitishe matumizi yake, na nilipoeleza, afisa aliniuliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, sisi tuna shida ya madawati, nyota za nini?" Hakuwa mtu mbaya, na swali lake mtaulizwa nanyi bungeni na kwenye mabaraza. Jibu langu ni hili. Nimefundisha miaka 19. Nimeona watoto wenye vichwa vya kupigia hesabu kitu chochote wakimaliza kidato cha sita, wakaenda chuo, wakarudi kuuza laini za simu pale stendi, kwa sababu hesabu walizojifunza hazikuwa na mahali pa kwenda. Darubini ya mita 1 inahitaji mtu wa vioo, mtu wa mota, mtu wa baridi ya kamera, mtu wa programu, mtu wa takwimu, mtu wa umeme wa jua na mlinzi. Anayejua kutenganisha mpito wa sayari na wingu jembamba lililopita anajua kusoma data yoyote, ya mvua, ya magonjwa, ya benki. Madawati tununue, na hili tulifanye. Bajeti zake hazilingani hata kidogo, na yeyote asemaye kwamba moja linakula jingine hajaziweka pamoja mezani.

Utalii sitauongelea sana. Wenye kambi watajua wenyewe cha kufanya na anga lenye nyota. Ningesikitika tu kama hilo ndilo litakalowasukuma.

Binti yule wa dawati la nyuma sasa ni mtu mzima. Alisoma uhandisi, yuko nje ya nchi, na mwaka jana aliniandikia kwamba usiku mmoja alikaa kwenye chumba cha kuendeshea darubini, ya watu wengine, katika nchi ya watu wengine, akitazama TRAPPIST-1 ikififia kwenye skrini. Aliniuliza kama bati la darasa letu bado lipo.

Mwisho ni mwaliko. Katikati ya Septemba, usiku usio na mwezi, nitakuwa Longido na kidato cha tatu wa mwaka huu. Tutaondoka Ngaramtoni saa tisa alasiri. Karibu saa tano usiku Kilimia kitachomoza upande wa kaskazini mashariki. Saa sita, mahali ilipo TRAPPIST-1 patakuwa juu ya vichwa vyetu, na nitawaonyesha kwa kidole. Njooni na sweta, mzime taa za magari mkishaacha lami, na mje na mtu wa halmashauri anayesimamia zabuni za taa. Viti vya kukunja tutawaletea sisi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Fizikia,
Ngaramtoni, Arusha